Dar es Salaam hadi Mbeya kwa Gari Binafsi: Panga Vituo Kabla ya Kupanga Saa ya Kuondoka

Msimu wa sikukuu ukikaribia, sisi wa elimu ya usalama barabarani tunaulizwa swali moja kuliko mengine yote: "Nikitoka Dar saa kumi alfajiri, Mbeya nitaingia saa ngapi?" Safari hii swali limekuja na malalamiko mengi ya faini, ndiyo maana tumeona tuandike. Ndugu dereva, cha kuuliza kwanza ni utapumzika wapi.

Wengi huchukua kilomita zipatazo 830, wakagawa kwa 100, wakapata saa nane na kitu. Barabara hii inabeba malori ya Zambia, Malawi na Kongo, na inakatiza makazi ya watu tangu Kibaha hadi Uyole. Hesabu hiyo haitatimia, na anayejaribu kuitimiza kwa nguvu ndiye tunayekutana naye mtaroni. Ushauri wetu ni siku mbili, ukalale Iringa, kama kilomita 500 kutoka Dar.

Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, tunaambiwa, "Kama basi linakesha, mimi nashindwaje?" Basi la safari inayozidi saa nane linatakiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, liwe na madereva wawili wanaopokezana. Wewe uko peke yako, na jana ulikuwa kazini hadi jioni. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Egesha mahali salama, ulale dakika 20.

Chai inyweni Morogoro. Baada ya hapo barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Ukienda 70 kwa saa utatumia kama dakika 43, ukienda 100 ni dakika 30. Dakika 13 ndizo watu wanazozigombania mbele ya tembo na twiga! Fuata vibao, usishuke kupiga picha, usiwarushie nyani ndizi. Ukimgonga mnyama unatozwa kulingana na aina yake, kwa hiyo usikimbie: toa taarifa kwa askari wa hifadhi. Mji wa Mikumi uko mbele ya hifadhi. Hapo ndipo pa kunyoosha miguu.

Ruaha Mbuyuni wengi husimama kununua vitunguu. Egesha nje kabisa ya lami, na watoto washukie upande usio wa barabara. Mbele yake ni Mlima Kitonga. Kupanda kunahitaji subira tu. Hatari kubwa ni siku ya kurudi, mnaposhuka. Niliwahi kumkuta baba mmoja amesimama chini ya mlima, familia nzima imekaa kwenye mawe, magurudumu ya mbele yanafuka moshi. Alimwagia ringi maji ya chupa, yakachemka palepale. Gari lake ni la otomatiki, na mlima wote aliushuka kwenye D, gia ya mwendo wa kawaida, mguu juu ya breki. Aliniambia alidhani zile gia za 2 na L ni za kuvutia gari lililonasa kwenye tope. Hapana. Ndizo za kushukia, injini ilizuie gari badala ya breki peke yake.

Sasa faini. Kibao cha mwendo wa 50 hakiishii kwenye nyumba ya mwisho unayoiona. Kinaishia kwenye kibao cha kukifuta. Hili tumelieleza kila mwaka na bado watu wanakanyaga mafuta mbele ya duka la mwisho, kisha wanasema wameonewa. Utaratibu ni huu. Askari anakusimamisha, anakueleza kosa, anaingiza namba ya gari kwenye mashine na kukupa stakabadhi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, si kwa kila safari. Unalipa kwa simu au benki. Askari hapokei fedha mkononi. Soma stakabadhi kabla hujaondoka: namba ya gari, kosa, mahali. Usipolikubali kosa, una haki ya kwenda mahakamani. Deni lisilolipwa linabaki kwenye namba ya gari, kwa hiyo ukiazima gari la ndugu, angalia kwanza linadaiwa nini. Kuhusu pombe, kikomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Kwa dereva wa gari la biashara ni sifuri.

Siku ya pili, kutoka Iringa, wenye nafasi wapite Isimila wakaone zana za mawe za kale na nguzo za udongo. Ni karibu na barabara. Mafinga asubuhi huwa na ukungu, washeni taa za chini, za juu zinazidi kuwapofusha. Ukiona matawi mabichi yametandikwa kwenye lami, mbele kuna lori limeharibika. Wewe tumia pembetatu zako za tahadhari, na ukishatengeneza gari okota ulichokiweka, mawe hasa, maana dereva wa usiku hayaoni. Makambako pumzikeni tena, hata kama hamjachoka, kwa sababu baada ya Igawa na Chimala unabaki mteremko wa Inyala, na malori yanayoushuka huwa na mizigo mizito. Shusha gia kabla mteremko haujaanza, acha nafasi mbele yako, na lori likija kasi nyuma, mpishe.