Hip hop ina miiko yake

Mwaka 1979 kampuni ya Sugar Hill ya New Jersey ilitoa santuri ya "Rapper's Delight", ya kundi la Sugarhill Gang, na kwa mara ya kwanza watu wa mbali na New York wakasikia michano redioni. Mmoja wa vijana watatu waliochana humo, Big Bank Hank, hakuwa MC, yaani mchanaji. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la piza, na mistari yake aliipata kwa Grandmaster Caz, MC wa Bronx aliyekuwa na daftari lililojaa tungo. Hank aliichana kama alivyoikuta. Hata pale Caz alipojitaja jina herufi kwa herufi, Casanova Fly, Hank naye akalitaja vilevile, kana kwamba ndiye yeye. Wimbo ukaingia 40 bora za Marekani. Caz hakutajwa popote kama mtunzi.

Ninapofundisha hip hop huwa naanzia hapo, kwa sababu ya hasira iliyofuata. MaMC wa Bronx hawakuwa wakililia hakimiliki. Mpaka wakati ule mistari yao ilikuwa ikiishia kwenye kumbi, viwanja vya mitaani na kaseti za kurekodia nyumbani. Kilichowaudhi ni kwamba kijana alikuwa ameuma. Kuuma, yaani kubeba mistari au mtindo wa mwenzako ukajifanya ni wako, ilikuwa aibu kubwa kuliko kuchana vibaya. Hakuna aliyekuwa ameiandika sheria hiyo, lakini kila aliyeshika maiki aliijua.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaoniuliza kama hip hop ni utamaduni kweli au ni biashara ya muziki iliyojipachika jina kubwa. Tafsiri maarufu ya mwanaanthropolojia Edward Tylor, ya mwaka 1871, inaweka ndani ya utamaduni maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na kila uwezo ambao mtu anaupata kwa kuwa mwanajamii. Kwa tafsiri hiyo hata mashabiki wa Simba na Yanga wamo. Sina ugomvi nao, ila mlango unaopitisha kila mtu haunisaidii kuchuja. Mimi natafuta miiko. Ni jambo gani ukilifanya wenzako watakudharau, japo polisi hawana habari nalo? Na nani alikufunza kwamba halifanywi?

Bronx ya miaka ya 1970 imejaa majibu. Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Cindy Campbell aliandaa sherehe ili apate hela ya nguo za shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na 50 kwa wavulana. Aliyepiga muziki ni kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, ambaye tunamjua kama DJ Kool Herc. Herc alikuwa ameona kwamba watu wanalipuka pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Baadaye akaanza kutumia nakala mbili za santuri moja, sehemu ya ngoma ikiisha kwenye moja anaruka kwenye nyingine, na kipande cha sekunde chache kikawa dakika kadhaa. Santuri zenyewe alizilowesha majini akabandua karatasi ya katikati, ili DJ mwingine asisome jina la wimbo. Ujanja huo alifundishwa na baba yake, na ulikuwa kawaida kwa wenye sound system, yaani mitambo ya muziki wa mitaani, za Jamaica.

Kwa hiyo tayari kuna siri, na ukishakuwa na siri unahitaji mwanafunzi wa kumpa. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados, alichora alama kwa kalamu ya nta juu ya santuri ili ajue sehemu ya ngoma inaanzia wapi. Rafiki yake Mean Gene alikuwa na mdogo wake, Theodore, ambaye alikaa karibu na mashine zao akajifunza kwa kutazama, na huyo mdogo ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuigeuza ile sauti ya kukwaruza santuri kuwa ufundi. Hapakuwa na chuo wala cheti. Elimu ilipita kwa kaka, kwa jirani, kwa mpinzani uliyemwibia jicho.

Nisichokitegemea sana ni zile nguzo nne: DJ, MC, b-boy yaani mcheza dansi, na grafiti, michoro ya kuta na treni. Hoja ya kawaida husema hip hop ni utamaduni kwa sababu ina nguzo. Lakini grafiti ilitangulia. TAKI 183, mmoja wa waandishi wa grafiti, aliandikwa na New York Times mwaka 1971, miaka miwili kabla ya sherehe ya Herc, na wachoraji wengi wa treni walikuwa wasikilizaji wa roki. Zulu Nation, jumuiya ya Bronx iliyoanzishwa na Afrika Bambaataa, ndiyo iliyovifunga vitu hivyo pamoja na kuvitangaza kama familia moja. Silioni hilo kama kasoro, kwani jamii nyingi zimejitungia ukoo. Ila nguzo ni hadithi ambayo hip hop inajisimulia, na ushahidi wa namna watu walivyoishi nauona zaidi kwenye miiko.

Sasa pingamizi la kwetu, kwamba hapa ni kuiga tu. Wanaolisema mara nyingi ni watu wanaopenda taarabu. Taarabu husimuliwa kwamba ililetwa Zanzibar kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu ndani ya kasri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, tayari ilikuwa na mwenyewe mwingine. Beni nayo ilianza kwa kuigiza bendi za kijeshi za wakoloni, na baadaye vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa vikishindana kwa sheria zao vyenyewe. Kuiga ni hatua ya kwanza. Swali ni kama baada yake miiko inahama.

Kwetu ilihama haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alipata jina kwa kuweka Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani. Mwaka 1993 likazaliwa kundi la Kwanza Unit, na muda si mrefu kutumia mdundo wa mtu likawa jambo la kuonewa haya. Nairobi, Kalamashaka wakaichana Dandora kwa lugha ya Dandora. Arusha, X Plastaz wakaingiza uimbaji wa Kimasai wa Yamat Ole Meipuko, ambaye hakuwa pambo kwenye video. Na kisha ukaja ubishi usiokwisha wa nani ni hip hop na nani ni bongo fleva. Ubishi huo unanichosha, kusema kweli, maana nusu yake ni wivu wa mauzo. Lakini watu hawagombei mpaka wa shamba lisilokuwepo.

Simaanishi kwamba kila kitu ndani yake ni kizuri. Dharau kwa wanawake imo, tena imefundishwa kwa bidii ileile iliyofundisha vina. Utamaduni si cheti cha tabia njema. Wala kusikiliza Kendrick Lamar kwenye daladala hakukufanyi mwanahip hop, kama vile kula ubwabwa harusini hakukufanyi ndugu wa bibi harusi.

Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024 ilinipa mfano niliokuwa nikiutafuta. Breking, dansi ya mab-boy, iliingia kwa mara ya kwanza, na majaji walipewa vigezo vitano vyenye uzito sawa, kimojawapo ubunifu wa mchezaji mwenyewe. Ule mwiko wa Bronx ukapewa asilimia 20 ya alama. Kwenye duara lisilo na kamera b-boy hahitaji asilimia. Mpinzani akirudia staili ya mtu, wenzake hunyoosha mikono mbele na kuigonganisha kama taya la mamba, na kila aliyepo anaelewa kwamba huyo ameuma.