Maji shirikishi ni maji gani?

Neno "shirikishi" tumelizoea kwenye ulinzi shirikishi, pale wananchi wanapohusishwa, kwa hiyo anayesikia "maji shirikishi" kwa mara ya kwanza hudhani ni habari ya kamati ya kisima cha kijiji. Kwa wataalamu wa maji, hasa Tanzania, maana yake ni nyingine: ni mto, ziwa au maji ya chini ya ardhi ambayo mpaka wa nchi umepita juu yake. Mto Mara, kwa mfano, unaanzia msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Serengeti na kumwaga maji Ziwa Victoria upande wa Musoma. Kusimamia maji ya namna hiyo ni kukubaliana nani atumie nini, nani apime, na nani aambiwe kabla ya mwenzake kugusa kitu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na Ziwa Victoria linaonyesha kwa nini.

Kwenye ramani, Tanzania ina karibu nusu ya ziwa, Uganda inafuata, Kenya ina kama asilimia 6. Mgawanyo huo ni wa ramani tu, maji hayaujui. Ziwa hujazwa zaidi na mvua inayolinyeshea lenyewe, hupunguzwa zaidi na jua, na mlango wake wa kutokea ni mmoja: Jinja, Uganda, unakoanzia Mto Nile. Anayeshika mlango huo anagusa kimo cha maji Mwanza na Kisumu pia.

Zamani mlango haukuwa na bawabu. Mwamba wa maporomoko ya Ripon, hapo hapo Jinja, ndio ulioamua kiasi cha maji yanayotoka. Bwawa la umeme la Owen Falls lilipozinduliwa karibu yake mwaka 1954, mwamba ule ulipoteza kazi yake, ikabidi iwekwe kanuni: ziwa likiwa na kimo fulani, bwawa litoe maji yale yale ambayo mwamba ungeyaachia. Misri, iliyochangia gharama, ikaweka mhandisi wake Jinja kusoma vipimo. Tanganyika na Kenya, zenye mwambao mrefu wa ziwa lenyewe, zilisemewa na Mwingereza. Ndiyo maana Tanganyika huru, mwaka 1962, ilikataa kufungwa na makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri, yaliyotaka idhini ya Misri kabla ya ujenzi wowote ambao ungepunguza maji ya Nile.

Kisha Uganda ikajenga kituo cha pili cha umeme kando ya kile cha kwanza. Mahitaji ya umeme yakapanda, ukame ukaja, na katika miaka ya 2004 hadi 2006 maji yakatolewa kuliko kanuni ilivyoruhusu. Ziwa likashuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Ukame ulikuwepo kweli, lakini haukuwa peke yake. Mitumbwi ikakwama mbali na mialo, gati zikabaki juu ya tope, na mabomba ya kuvutia maji ya mijini yakalazimika kusogezwa ndani zaidi.

Cha kuudhi ni kwamba karatasi zilikuwepo tayari. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, yaani mkataba wa nchi hizo tatu, ilitiwa saini Arusha Novemba 2003, na ndani yake mna matumizi ya haki, kutomdhuru jirani, na kumpa taarifa mapema. Kamisheni ya Bonde ikaanzishwa, makao yake Kisumu. Lakini swichi ya bwawa ilibaki mkononi mwa nchi moja, na umeme ukikatika Kampala, anayepigiwa kelele ni serikali ya Kampala, si mvuvi wa Ukerewe.

Mwaka 2020 kibao kiligeuka. Mvua zilipandisha ziwa hadi rekodi ya 1964 ikavunjwa, nyumba za mwambaoni zikaingiliwa na maji katika nchi zote tatu. Safari hii watu walitaka milango ya Jinja ifunguliwe zaidi. Ikafunguliwa, na maji yakateremka kwa watu wa Ziwa Kyoga, mbele zaidi kwenye Nile hiyo hiyo nchini Uganda, ambao nao walikuwa tayari wamefurika.