Umetolewa goita, sauti imepotea: je, ni uzembe wa daktari?

Maswali haya huulizwa na wagonjwa waliopasuliwa tezi ya shingo, yaani thairoidi, na jamaa wanaowauguza. Upande wa sheria nimefuata sheria za Kenya.

Mama alitolewa goita. Tangu siku hiyo sauti yake inakwaruza. Daktari amekosea?

Si lazima. Nyuma ya tezi hupita neva mbili nyembamba, moja kila upande, zinazoendesha nyuzi za sauti. Hata daktari bingwa anaweza kuivuta neva kidogo sauti ikapwaya, na mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi. Mahakama haitazami madhara peke yake. Huuliza kama daktari mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo angefanya vilevile. Aliitafuta neva na kuitambua kabla ya kukata? Aliandika hivyo katika ripoti ya upasuaji? Nyuzi za sauti zilichunguzwa kabla? Wengine huingia thieta sauti ikiwa tayari imeathiriwa na goita yenyewe au saratani.

Basi uzembe huonekana wapi?

Mimi husema: tazama sana saa zinazofuata upasuaji. Damu ikivuja ndani ya shingo hukandamiza njia ya hewa, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Mgonjwa anasema shingo inambana, hawezi kulala chali, uvimbe unapanda chini ya bandeji. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Ikibidi mshono hufunguliwa palepale kitandani. Jamaa wakiita mara tatu na daktari asiitwe, hiyo si bahati mbaya.

Halafu kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinazodhibiti kalsiamu mwilini. Zikiumia, midomo na vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa. Mkanda wa kupima presha ukijazwa upepo, kiganja cha mgonjwa hujikunja na vidole vikakutana nchani, kama mkono wa mkunga anayezalisha. Dalili hiyo huonekana kwa macho. Kumwambia mtu huyo ni wasiwasi tu, ukamruhusu kwenda nyumbani bila kupima damu, ni kosa zito kwangu kuliko kuumia kwa tezi zenyewe.

Lakini alitia sahihi fomu ya idhini.

Sahihi ni ya kukubali kupasuliwa, haikubali uzembe. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hatari, faida na njia nyingine za matibabu kwa lugha anayoielewa. Mwalimu, au muuza mitumba anayeita wateja kutwa nzima, sauti ndiyo riziki yake. Ana haki ya kujua inaweza kupotea. Ana haki pia ya kujua kwamba tezi ikitolewa yote, atameza vidonge vya homoni maisha yake yote. Kumpa karatasi ya Kiingereza mlangoni mwa thieta si kumweleza.

Tuanzie wapi?

Matibabu kwanza: daktari wa masikio, pua na koo atazame nyuzi za sauti, na kalsiamu ipimwe. Kisha ombeni kwa barua nakala ya faili lote, pamoja na chati za wauguzi wa zamu ya usiku. Malalamiko hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo linaweza kumwadhibu daktari. Kesi ya fidia hufunguliwa mahakamani, na bila daktari mwingine wa fani hiyo kutoa ushahidi ni vigumu kushinda. Msingoje baraza liamue ndipo mtafute wakili.

Muda ni kiasi gani?

Miaka 3 kwa kawaida, lakini miezi 12 tu ukiishtaki Serikali. Wengi huumizwa na hiyo ya pili. Mahakama inaweza kuongeza muda kwa aliyechelewa kujua jambo la msingi katika kesi yake, kwa hiyo mwambie wakili tarehe uliyoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba neva ilikatwa, na nani alikueleza.