Asilimia 15: Namba Iliyoifunga California

Alhamisi ya Desemba 3, 2020, korona ikiwa imepamba moto, Gavana Gavin Newsom alitangaza kwamba jimbo la California nchini Marekani, lenye watu karibu milioni 40, litagawanywa katika kanda tano. Kanda yoyote ambayo vitanda vyake vya wagonjwa mahututi vilivyobaki wazi vingeshuka chini ya asilimia 15, ingefungwa kwa wiki tatu au zaidi. Saluni zingefungwa, migahawa ingeuza chakula cha kubeba tu, maduka yangeruhusu wateja wachache kwa wakati mmoja, na watu wa kaya tofauti wasingeruhusiwa kukusanyika. Usiku wa Jumapili, Desemba 6, kanda ya Kusini mwa California, yenye watu zaidi ya milioni 20, ilikuwa imeshafungwa, pamoja na Bonde la San Joaquin lenye mashamba makubwa. Kabla Krismasi haijafika, kanda nne kati ya tano zilikuwa chini ya amri hiyo.

Sisi tunaofanya kazi ya elimu ya afya kwa umma tuna sababu ya kuirudia habari hii. Serikali hii haikukosa pesa wala wataalamu, na ilikuwa ya kwanza Marekani kuwaamuru watu wa jimbo zima wakae nyumbani, Machi 19 mwaka uleule. Bado majira yale ya baridi yaliiumiza vibaya. Vifo vilivyochukua takribani miezi kumi kufika 25,000, hadi mwishoni mwa Februari 2021 vilikuwa vimepita 50,000. Katikati ya msiba huo kulikuwa na namba moja iliyoamua nani afungue duka na nani alifunge, na wananchi wengi hawakuwahi kuelezwa vizuri inapatikanaje.

Tuianze namba yenyewe. Mtu akisikia "asilimia 15 ya vitanda iko wazi", anapata picha ya wodi yenye vitanda mia moja ambavyo kumi na tano vinasubiri wagonjwa. California haikuhesabu hivyo. Kama wagonjwa wa korona walizidi asilimia 30 ya wote waliolazwa katika vyumba vya mahututi, jimbo lilikata nusu asilimia kwa kila asilimia iliyozidi. Chukua mfano wa kanda ambayo kwa kweli ina asilimia 10 ya vitanda wazi, na nusu ya wagonjwa wake mahututi wana korona. Asilimia 50 inazidi 30 kwa 20, nusu yake ni 10, ukiitoa unabaki na sifuri. Nia ilikuwa njema: lazima pabaki nafasi kwa aliyegongwa na gari, aliyepatwa na kiharusi, mama aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Lakini Desemba 17 ilipotangazwa kwamba Kusini mwa California imebaki na asilimia sifuri, mtu aliyempigia simu ndugu yake hospitalini akaambiwa "vitanda viwili bado vipo" alikuwa na haki ya kujiuliza nani anasema kweli. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, ila hakuna aliyemweleza.

Tena kitanda cha mahututi bila muuguzi ni godoro na mashine. California ni jimbo ambalo sheria yake inataka muuguzi mmoja wa chumba cha mahututi ahudumie wagonjwa wasiozidi wawili. Desemba ile serikali ilianza kuziruhusu hospitali kwenda hadi watatu kwa muuguzi mmoja. Kwa mtu anayegeuzwa kifudifudi kila siku ili mapafu yapate nafasi, kazi inayohitaji mikono ya watu kadhaa kwa wakati mmoja, tofauti ya wawili na watatu si ndogo. Nchi nyingi zilikuwa zinahesabu mashine za kupumulia. Kwa maoni yangu, namba iliyokuwa na maana zaidi ni ya wauguzi wenye ujuzi walio zamu usiku huo.

Liko tatizo jingine ambalo fomula haiwezi kuliponya, nalo ni ucheleweshaji wa ugonjwa wenyewe. Kwa korona ya mwaka ule, aliyeambukizwa leo huanza kuumwa baada ya siku kama tano. Akizidiwa, hufika hospitalini wiki moja au zaidi baadaye, halafu huenda akakaa chumba cha mahututi wiki kadhaa. Kwa hiyo vitanda vya leo vinasimulia maambukizi ya wiki mbili tatu zilizopita. Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani iliangukia Novemba 26, familia zikakutana mezani kama kila mwaka, na hospitali zilianza kuipokea sikukuu hiyo katikati ya Desemba. Serikali haikuwa imelala. Novemba 16 iliwarudisha zaidi ya asilimia 90 ya wakazi kwenye daraja la zambarau, lililo kali kuliko yote katika mfumo wake wa rangi nne. Novemba 21 ikaanza kafyu ya saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Lakini kufunga kwa kufuata vitanda kunamaanisha kwamba hadi amri inatoka, wagonjwa wa wiki mbili zijazo wameshaambukizwa.

Kaunti za Ghuba ya San Francisco zililitambua hilo. Desemba 4, kaunti tano na mji wa Berkeley zilitangaza kujifunga zenyewe, ilhali kanda yao ilikuwa bado juu ya asilimia 15. Kanda ile haikupata pigo kama la Los Angeles, jiji kubwa la Kusini mwa California. Ni lazima niwe mkweli hapa: huwezi kusema tofauti yote ilitokana na kuwahi. Ghuba ina watu wengi wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa nyumbani, na Los Angeles ina vitongoji ambavyo watu wanane hulala vyumba viwili.

Na hapo ndipo hadithi kwamba msiba huu uliletwa na "majira ya baridi" inapohitaji kusahihishwa. Mchana wa Januari mjini Los Angeles ni kama nyuzi 20, hali ambayo mkazi wa Njombe au Limuru angeiita ya kawaida. Baridi huchangia, maana watu hujifungia ndani na hewa haizunguki, lakini peke yake haielezi kilichotokea. Anayekieleza zaidi ni mfanyakazi wa ghala, mchuma zabibu, mpishi, msafishaji, ambaye amri ya kubaki nyumbani haikumhusu kwa sababu kazi yake iliitwa ya lazima. Aliondoka asubuhi, akapanda basi, akarudi jioni katika nyumba yenye babu, bibi na watoto. Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ni takribani asilimia 39 ya wakazi wa California, lakini walikuwa zaidi ya nusu ya waliothibitika kuambukizwa. Hospitali ya jamii ya Martin Luther King Jr., kusini mwa Los Angeles, yenye vitanda 131 tu, ilifika mahali pa kuweka wagonjwa kwenye mahema, katika duka la zawadi na katika chumba cha ibada. Amri ile ile ilimfikia mwenye nyumba ya bustani na mpangaji wa chumba kimoja, ikamkinga wa kwanza kuliko wa pili.

Sasa oksijeni, jambo ambalo ningependa kila mjumbe wa bodi ya hospitali alisome mara mbili. Mwishoni mwa Desemba, hospitali kadhaa za Los Angeles ziliingia kwenye dharura ya oksijeni ilhali oksijeni ilikuwepo. Hospitali kubwa kule huihifadhi ikiwa kimiminika katika tangi lililo nje ya jengo, kwa baridi ya chini ya nyuzi hasi 180. Ikitoka kwenye tangi hupita katika mabomba yenye mapezi marefu ya alumini, hewa ya nje huipasha joto, inageuka gesi, ndipo inaingia wodini. Mgonjwa wa kawaida wa oksijeni hutumia lita mbili hadi sita kwa dakika. Wagonjwa wa korona waliowekewa mipira ya puani ya mkondo wa kasi waliweza kutumia hadi lita 60 kwa dakika kila mmoja. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya wachache ukavutwa na wengi kwa wakati mmoja: mapezi yakaganda barafu, gesi ikapungua, na mabomba membamba ya majengo ya zamani yakashindwa kufikisha presha inayotakiwa. Kuna hospitali zilizohamishia wagonjwa ghorofa za chini, ambako presha ilikuwa bora. Serikali ya jimbo iliomba kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, wakaja kurekebisha mifumo hiyo.

Januari 4, 2021, idara ya huduma za dharura ya Kaunti ya Los Angeles iliwaagiza wahudumu wa magari ya wagonjwa wampe oksijeni yule tu ambaye kipimo chake cha oksijeni ya damu kimeshuka chini ya asilimia 90. Siku hiyohiyo waliagizwa wasimpeleke hospitalini mtu mzima ambaye moyo wake umesimama na umeshindwa kurudishwa pale alipo. Baadaye mwezi huo, mamlaka ya ubora wa hewa ya eneo hilo iliondoa kwa muda kikomo cha idadi ya miili inayoruhusiwa kuchomwa, kwa kuwa vyumba vya maiti vilikuwa vimejaa.

Katika hali kama hiyo, neno la serikali ni dawa, na dawa hiyo California iliipunguza nguvu kwa mikono yake. Novemba 6 gavana alihudhuria karamu ya siku ya kuzaliwa ya mshauri wake katika mgahawa wa kifahari huko Napa, wakiwa watu wa kaya kadhaa, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwasihi wananchi waliache. Aliomba radhi Novemba 16, siku ileile aliyotangaza masharti mapya. Viwanja vya kuchezea watoto vilifungwa na amri ya Desemba 3, wazazi wakalalamika, vikafunguliwa ndani ya wiki moja. Desemba 8 jaji wa Los Angeles alisema kaunti haikupima faida na hasara kabla ya kupiga marufuku kula kwenye meza za nje za migahawa. Mkuu wa polisi wa Kaunti ya Riverside alitangaza hadharani kwamba hatawalazimisha watu kuitii amri ya gavana.

Lililonisumbua zaidi ya hayo yote ni usiri. Ili kuifungua kanda, jimbo lilikadiria vitanda vitakavyokuwa wazi baada ya wiki nne. Waandishi wa habari walipoomba takwimu zilizo nyuma ya makadirio hayo, maofisa walizizuia, wakisema ni tata na zinaweza kuupotosha umma. Kisha Januari 25, 2021 amri ikaondolewa jimbo zima, na Kusini mwa California ikiwa bado inasomeka sifuri. Makadirio yalichapishwa siku hiyo. Kitaalamu uamuzi ulikuwa na mantiki, kwa kuwa maambukizi yalikuwa yanashuka kwa kasi. Lakini mwenye mgahawa aliyekuwa ameambiwa "chini ya 15 tunafunga" aliona namba mbaya kuliko ya mwanzo ikimfungulia mlango. Watu wanaoongoza familia, mashamba na vikoba wanaelewa makadirio wakielezwa kwa lugha yao. Kuwaficha takwimu kwa hofu kwamba hawatazielewa ni kuwadharau, na anayedharauliwa hatii kwa muda mrefu.

Afrika Mashariki ilipitia amri za namna hii. Machi 26, 2021 Kenya ilizifunga kaunti tano, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, na Juni mwaka huo Uganda ikajifunga kwa siku 42 huku oksijeni ikiwa adimu. Hospitali zetu nyingi zinategemea mitungi au mtambo wa kuzalisha oksijeni, na mitambo mingi imejengwa tangu wakati huo. Swali la kuuliza kwenye kikao cha halmashauri au kamati ya afya lisiishie kwenye "mtambo upo?" Ulizeni unatoa lita ngapi kwa dakika, mabomba yanafikisha ngapi kitandani vitanda vyote vikitumika kwa pamoja, umeme ukikatika kinachofuata ni nini, na fundi anatoka wapi.

Na kuna namba moja ndogo inayotuhusu nyumbani kabisa. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, kilekile kilichoamua nani apewe oksijeni ndani ya gari la wagonjwa, husoma kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Desemba hiyohiyo ya 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika ulipita bila kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kifaa kinaweza kuonyesha 93 wakati damu ina 87. Kwa hiyo ukimuuguza mtu mwenye nimonia au homa kali ya mapafu, pima kidole kikiwa na joto, ondoa rangi ya kucha, na ukumbuke kwamba piko iliyokolea nayo inaweza kuvuruga usomaji. Andika kila kipimo na saa yake, uangalie kama kinashuka. Akishuka chini ya 94, mpeleke kituo cha afya. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au akianza kuchanganyikiwa, mpeleke saa hiyohiyo hata kama kifaa kinaonyesha 96, na mweleze mhudumu ulichokiona kabla hujamweleza namba.