Kelele Zinazorudi kwenye Waya wa Umeme: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Nyumba nyingi za Bukavu zina chaja za simu, taa za LED, kompyuta na inveta za sola, na vyote hivi hufanya kazi kwa kukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila kimoja huvuta umeme kutoka kwenye soketi, kisha hurudisha kwenye waya uleule kiasi fulani cha kelele za masafa ya juu, yaani mitetemo ya umeme isiyotakiwa, ambayo redio huigeuza kuwa mkwaruzo. Kupima kelele hizo pale umeme unapoingilia kwenye kifaa ni kazi ya maabara, na mafundi wetu wengi hawajapata nafasi ya kuiona ikifanyika. Hata hivyo inamhusu kila asikilizaye redio, na kila parokia au kituo cha afya kinachowasiliana na vijiji kwa foni, yaani redio ya kuongea na kujibiwa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kifaa kinachofanya kazi vizuri hakina kelele. Chaja inaweza kujaza betri upesi bila kupata joto, na bado ikachafua nyaya za nyumba nzima. Transista iliyo ndani yake, yaani swichi ya kielektroniki, hufungua na kufunga mkondo kwa ghafla, na ughafla huo huzaa masafa mengine yaliyo mara mbili, mara tatu, hata mara mia ya yale ya msingi. Kamati ya kimataifa ya CISPR, iliyoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya kulinda usikivu wa redio, imeweka viwango vya kelele za kwenye waya kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30, yaani eneo linalobeba redio za masafa ya kati, masafa mafupi na foni. Wabunifu wanaujua mpaka huo vizuri sana: wengi huchagua transista ikate umeme kwa kilohezi 65, ili mara mbili yake, 130, ibaki chini ya mpaka. Redio za FM ziko juu ya megahezi 30, na kelele za huko hupimwa hewani kwa antena. Chini ya hapo mawimbi ni marefu mno, kuanzia mita 10 hadi mita 2,000, kiasi kwamba chaja yenyewe ni antena dhaifu. Nyaya za nyumba ndizo zinazoibebea kelele zake.

Wengine husema kosa ni la umeme wetu wenyewe, unaopanda na kushuka, kwa hiyo kifaa hakiwezi kupimwa kwa haki. Maabara ililitatua jambo hili zamani. Kati ya soketi na kifaa huwekwa kisanduku kinachoitwa mtandao bandia wa umeme, ambacho hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huzuia uchafu wa nje usiingie, hukipa kifaa ukinzani uleule wa omu 50 popote duniani, na hupeleka kelele za kifaa peke yake kwenye kipokezi cha kupimia. Kisanduku hicho hupitisha mkondo mkubwa kwenda ardhini kupitia kapasita zake, yaani vipuri vinavyopitisha mkondo unaobadilika, kwa hiyo ni lazima kiunganishwe na ardhi kabla ya kuwashwa. Hili si jambo la kufanyia mzaha.

Viwango vyenyewe ni vikali kuliko watu wanavyodhani. Kwa kifaa cha nyumbani, kati ya megahezi 5 na 30, kikomo ni desibeli 60 juu ya mikrovolti moja, ambayo ni milivolti moja tu, kwenye waya unaobeba volti 220. Kati ya kilohezi 500 na megahezi 5 kikomo kinashuka hadi desibeli 56. Kipokezi hakisomi kilele peke yake: huipa uzito zaidi kelele inayojirudia haraka kuliko ile inayotokea mara mojamoja, kwa sababu ndiyo inayomchosha msikilizaji. Kwa hiyo redio ndogo iliyosogezwa karibu na taa inaweza kukuonyesha kwamba kelele ipo, lakini haiwezi kukuambia kama imevuka kikomo.

Stabilaiza nayo haisaidii hapa, kwani kazi yake ni kurekebisha volti. Na alama ya CE, ile ya vifaa vinavyouzwa Ulaya, haimaanishi kwamba maabara ya Ulaya imekipima kifaa. Kwa vifaa vingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, ambaye ndiye anayewajibika nalo. Vilevile si kweli kwamba vifaa vya sola havina kelele kwa kuwa vinatumia volti 12: inveta hukatakata mkondo sawasawa na chaja, na nyaya ndefu za kwenda kwenye paneli juu ya paa hugeuka kuwa antena nzuri.

Waya wa ardhi nao hutegemewa kupita kiasi. Kelele ina njia mbili. Huweza kwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na hapo ardhi haina la kufanya. Au huenda kwa nyaya zote mbili pamoja na kurudi kupitia ardhi. Njia ya kwanza huzibwa na kapasita ya aina ya X, iliyowekwa kati ya nyaya mbili. Ya pili huzibwa na koili ya pamoja, ambayo nyaya zote mbili huzungushwa kwenye kiini kimoja, na kapasita za aina ya Y, zinazotoka kwenye nyaya kwenda ardhini au kwenye chuma cha kifaa.

Ukifungua chaja ya bei ndogo kwenye meza ya fundi wa Kadutu, hapa Bukavu, mara nyingi utaona mahali pa koili hiyo pamechorwa kwenye bodi, matundu yametobolewa, lakini vimechomelewa vipande viwili vya waya mtupu. Mbunifu aliiweka, kiwanda kimeiondoa. Chaja inafanya kazi vilevile, na ndiyo sababu hakuna anayelalamika isipokuwa mwenye foni.

Mteja anapohisi mtekenyo kwenye kompyuta ya chuma, fundi hushawishika kukata kapasita ya Y. Mtekenyo hutokana kweli na mkondo mdogo unaopita humo pale soketi inapokosa ardhi, lakini kuikata huachia kelele, na kuweka kapasita ya kawaida mahali pake ni hatari zaidi, kwa kuwa ikiungua na kupiga shoti, volti 220 huja moja kwa moja kwenye chuma. Ikiwa plagi ina miguu mitatu, dawa ni kuitengeneza ardhi ya soketi. Na kapasita ikihitaji kubadilishwa, ni lazima mpya iwe imeandikwa Y1 au Y2, sawa na ile iliyotolewa.