Nakisikia, ila sikiongei

Sentensi hiyo niliambiwa na mwanafunzi wangu mmoja, kwao Kolo huku Kondoa, nilipomuuliza kama anajua Kialagwa, lugha ya asili ya bibi yake. "Mwalimu, nakisikia, ila sikiongei. Bibi akinisemesha namjibu kwa Kirangi."

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kufundisha habari za Vanuatu, nchi ya visiwa zaidi ya 80 katika Pasifiki. Watu wake ni kama laki tatu tu, hawafikii nusu ya wakazi wa Jiji la Dodoma. Lugha zao za asili zimepita 100, na wapo wataalamu waliohesabu 138. Kwa hesabu hiyo, kila lugha inaangukia watu 2,200 hivi, yaani kijiji kimoja cha huku Chemba.

Ukiuliza kwa nini lugha ni nyingi hivyo, darasani jibu huwa lile lile: bahari iliwatenga. Mimi sikubaliani nalo sana. Katika visiwa vya Banks, kaskazini mwa Vanuatu, watu wameoana kijiji kwa kijiji tangu zamani, na mtu kujua lugha tatu lilikuwa jambo la kawaida. Lugha ilikuwa alama ya kwao, kama alama ya sikio la ng'ombe: zizi likichanganyika, bado unajua yupi ni wa nani. Ndiyo maana lugha ya watu mia tano iliweza kuishi vizazi na vizazi. Udogo haukuwa ugonjwa.

Ugonjwa halisi, ndui na surua na mengine, ulikuja na meli katika karne ya 19 ukafyeka vijiji. Vijana wakachukuliwa kwenye mashamba ya miwa ya Queensland, Australia, wakarudi na pijini, lugha ya mchanganyiko, iliyozaa Kibislama, lugha inayowaunganisha watu wa Vanuatu leo. (Jina hilo limetokana na jongoo bahari, ambaye sisi wa bara tunamwona pwani tu, akiwa amekaushwa.) Leo kijana wa kisiwa cha Malekula akioa binti wa kisiwa cha Tanna wakahamia mjini Port Vila, mtoto analelewa kwa Kibislama. Nyumbani humo hakuna aliyekataza lugha ya mtu. Kiolrat cha kisiwa cha Gaua kilimpoteza mzungumzaji wake wa mwisho mwaka 2009.

Na sisi tusijione wanyonge kwa lugha. Lugha zote za asili za Vanuatu ni za ukoo mmoja, Austronesia. Kondoa na Chemba peke yake utakuta Kirangi cha Kibantu, Kiburunge na Kialagwa vya Kikushi, Wabarabaig na Kiniloti chao, halafu Kisandawe chenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, ambacho ukoo wake bado unabishaniwa.

Wengi husema Kiswahili ndicho kinachomeza. Kwa Kialagwa, aliyetangulia mezani ni Kirangi, jirani na shemeji.

Likizo hii mwanafunzi wangu nimempa kazi isiyo na kinasa sauti: bibi akimsemesha, ajibu kwa Kialagwa, hata neno moja. Akasema maneno anayo.

"Shida bibi atanicheka, Mwalimu."