Bahari isiyo na bamvua: soma upepo kabla ya kuogelea Ghuba ya Lion

Aliyezoea kuogelea Nyali au Kigamboni hutazama maji kwanza: yanajaa au yanakupwa, ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo). Ghuba ya Lion, kusini mwa Ufaransa, kuanzia Argelès hadi Marseille, mazoea hayo hayamsaidii. Maji ya Mediterania huko hupanda na kushuka sentimita 30 hivi, au pungufu. Kinachosomwa ni upepo.

Wa kuogopa zaidi ni ule utokao bara kwenda baharini: tramontane upande wa Perpignan, mistral upande wa Marseille. Ubaya wake ni kwamba huilaza bahari. Ukingoni maji hutulia kama ya beseni, kwa kuwa upepo bado haujapata masafa ya kuinua wimbi. Mita mia chache mbele hali ni nyingine kabisa. Chota mchanga mkavu, inua mkono usawa wa kiuno, uachie. Ukipeperukia majini, boya la kupuliza la mtoto libaki mkobani. Ni jepesi, halina cha kushika maji, na upepo mkali hulipeleka kasi kuliko mtu anavyoogelea. Likikuponyoka, liache liende. Ukilifukuza, wakati wa kurudi upepo utakuwa usoni na nguvu zimekwisha. Tangu 2022, fukwe zenye waokoaji hupandisha mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa kuonya kuhusu vitu hivi.

Ubao wa kupigia kasia ni kinyume chake: usiuache kamwe, na kamba ya mguuni isifunguliwe. Ukiona unasukumwa nje, piga magoti au ulale kifudifudi. Mwili uliosimama ni tanga.

Upepo huohuo husukuma nje maji ya juu yenye joto, na ya baridi hupanda kutoka chini. Yaliyokuwa nyuzi 24 jana yanaweza kuwa 17 leo, jua likiwaka vilevile. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kutaka; kichwa kikiwa chini, huvuta maji. Usipige mbizi. Ingia kwa miguu, lowesha shingo na kifua, ungoje pumzi itulie.

Upepo ukigeuka ukavuma kutoka baharini, mawimbi hurundika maji kati ya fungu la mchanga na ufuo, nayo hurudi kwa kupitia mwanya mwembamba. Ule mkanda wa maji meusi usiovunja mawimbi, ambao wageni huuchagua kwa utulivu wake, ndio mlango wa mkondo. Kando ya magati ya mawe ni vilevile. Ukichukuliwa usishindane nao: elea, inua mkono, kisha kata sambamba na ufuo hadi yanapovunjika mawimbi, yakurudishe.

Bendera nyekundu ni marufuku kuoga. Ya njano, hatari ipo lakini hujakatazwa. Eneo linalolindwa liko kati ya bendera zenye nyekundu juu na njano chini. Ajali ya baharini hupigiwa simu 196, au 112.

Wanaotembea tu kwenye maji ya magotini wavae viatu. Samaki aitwaye vive hujifukia mchangani, miiba yake ya mgongoni ikiwa tayari. Sumu yake huvunjwa na joto, kama ya mwiba wa samaki taa: loweka mguu kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, angalau dakika 30. Ayapime kwanza mtu asiyechomwa, kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu hauwezi kuamua kama maji yanaunguza.